Mikia ya Kalamu

Jumatatu, 10 Machi

Mpimaji wa kliniki ya usingizi amenipa karatasi yenye visanduku vitatu kwa kila siku: saa ya kulala, saa ya kuamka, je, umesinzia mchana. Nikamwambia visanduku ni vidogo. Akasema watu wengi huandika ndiyo au hapana na inatosha. Nimeandika habari za mahakamani miaka ishirini na sita, sijawahi kuona ndiyo iliyotosha. Nitaandika humu, na kila Jumatatu nitahamishia visandukuni kitakachoenea.

Kilichonipeleka kliniki ni hiki. Tarehe 25 mwezi uliopita nilikuwa kwenye kesi ya mlinzi anayeshtakiwa kuchoma ghala la magodoro. Mchana huo walihojiwa wawili, mwenye ghala kisha mlinzi. Feni ilikuwa haizunguki. Daftari langu la siku hiyo linasema: "anakubali kwamba funguo zote siku ile". Baada ya neno ile wino unashuka kama mkia wa panya mpaka ukingoni mwa ukurasa. Mstari unaofuata ni wa jambo jingine kabisa. Hapo katikati nililala. Sikuandika anayesema ni nani, kwa kuwa nilikuwa namwona. Jioni ofisini niliutazama ule mkia, na badala ya kumpigia karani wa mahakama nikaziba pengo kwa kichwa changu. Nikaandika ni mlinzi, kumbe aliyekubali kwamba funguo zilikuwa kwake alikuwa mwenye ghala. Gazeti likatoka, ukurasa wa kwanza: MLINZI AKIRI.

Asubuhi yake mke wa mlinzi alikuja ofisini, gazeti kalikunja mara nne.

"Aliyeandika hii ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi masikio yako yalikuwa wapi?"

Aliliweka gazeti mezani kwangu, akaondoka. Tuliomba radhi siku iliyofuata, mistari minne, ukurasa wa saba.

Mhariri alifunga mlango. Nilimfundisha kazi huyu, hivyo alitazama dirishani alipokuwa akisema. "Mzee, karani wa mahakama ameniambia unakoroma. Anasema siku moja hakimu alisimamisha shauri akangoja umalize."

"Huo ni uongo."

"Ungejuaje?"

Ameamua kesi ya mlinzi niimalize mwenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyeiharibu. Nikikosea tena nahamishiwa matangazo ya vifo. "Huko," alisema, "wahusika hawaji kulalamika."

Chini ya karatasi ya kliniki kuna sehemu ya mtu anayelala karibu na mgonjwa. Mpimaji anamwita shahidi. Nikasema mke wangu hayupo, yuko kwa binti yetu tangu Septemba, alikwenda kusaidia uzazi.

"Mtoto ana miezi mingapi?"

"Sita."

"Basi karibu anarudi."

Nimeandika alivyosema. Mimi ninataka hivyo hivyo, lakini sijaambiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imeanza saa tisa alasiri. Nimesinzia mara tatu mahakamani. Mikia mitatu.

Jumamosi, 15 Machi

Kwa kipimo cha kliniki nimelala na kifaa cha kubana kidoleni na mrija puani. Kitanda kina mito miwili. Sijui kwa nini bado nafua foronya ya huo wa pili.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoa madaftari ya zamani chini ya kitanda na kuhesabu mikia. Siku zote nilidhani ni kalamu mbovu. Mwaka juzi, minne. Mwaka jana mpaka Agosti, kumi na mmoja. Tangu Septemba, tisini na sita. Nimerudia kuhesabu. Tisini na sita.

Jumatatu, 17 Machi

Majibu: ninaacha kupumua mara arobaini na moja kwa saa. Koo linajifunga, hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, napumua tena bila kujua. Halafu upya. Mpimaji aliyasema haya kama anayenisomea ratiba ya treni, nami nilishukuru.

Wanafanya utafiti, nimekubali kuwemo. Wamechukua damu mirija sita. Ndani ya kila seli, anasema, mna vinu vidogo vya nishati, wao huviita mitokondria. Vinachukua chakula na oksijeni vinatoa nguvu ya mwili kufanya kila kitu, pamoja na kushika kalamu. Wanataka kuona vyangu vinafanyaje kazi sasa, kisha vitakavyofanya baada ya wiki nane za kulala na mashine ya hewa.

"Kwa hiyo vinakosa oksijeni vinakufa?"

"Si rahisi hivyo. Nyumbani una friji?"

"Ninayo."

"Umeme ukikatika usiku kucha, friji inaharibika?"

"Hapana. Maziwa tu."

"Ukikatika na kurudi, ukakatika na kurudi?"

"Inaungua."

"Basi. Wewe unakatika na kurudi mara arobaini na moja kwa saa. Kila oksijeni inaporudi kwa kishindo, vinu vinatoa moshi mkali unaovichoma vyenyewe. Ndiyo maana unalala kwa saa tisa unaamka umechoka kama hukulala. Si uvivu. Nguvu haitengenezwi inavyotakiwa."

Nilimwuliza kama vinapona. Alisema kwa baadhi ya watu vinapata nafuu, kwa baadhi nusu, na kwamba utafiti ni kwa sababu hawajui vizuri. Ni mara ya kwanza mwaka huu kusikia mtu wa taaluma akisema hajui. Neno hilo nimelipigia mstari.

Sehemu ya shahidi bado tupu. Anaitaka kabla ya mashine.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia mke wangu. Huwa tunazungumza Jumapili, habari za mtoto, habari za paa. Leo ni Jumanne, akapokea kwa kusema, "Nani amekufa?"

Nikamwambia kuna fomu. Akacheka. "Haya, hoji, mwandishi."

"Swali la kwanza. Je, umewahi kumwona mgonjwa akiacha kupumua usingizini?"

Nilisikia bomba la maji upande wake, likafungwa.

"Andika kila usiku."

"Kwa muda gani?"

"Mrefu kuliko wote ni sekunde hamsini na mbili. Nilikuwa nahesabu. Tangu hapo nikifika thelathini nakupiga kiwiko, unageuka, unavuta pumzi."

"Hicho kiwiko nilidhani ni kwa sababu nakoroma."

"Ukikoroma nilikuwa nafurahi, baba watoto. Ukikoroma najua upo."

Nikauliza mbona hakuniambia. Akasema aliniambia mara tatu, na mara ya tatu nilimjibu kama namkera akalale chumba cha watoto. Nimejaribu kukumbuka. Nakumbuka kumwambia akalale chumba cha watoto.

"Ulilala huko?"

"Ningelalaje huko? Nyuma ya ukuta ule hakisikiki kitu. Nilikaa hapohapo nikahesabu. Miaka minne. Nilipofika kwa binti nililala siku mbili mfululizo, akadhani nimeugua. Mtoto analia usiku mimi sisikii, bibi mzima. Halafu mwezi uliopita nikaona gazeti mmeomba radhi, nikajua ulilala."

Nikamwuliza anarudi lini. Hilo halikuwa kwenye fomu.

"Nikirudi nitahesabu tena," alisema. "Siwezi tena. Nakwambia bila hasira. Hiyo mashine ikikufaa, niambie. Ila usiniambie kama gazeti. Niambie kweli."

Nilisema kila Jumapili nitamtumia namba ya mara ninazokatika kwa saa. Hii fomu nimeijaza kwa wino mweusi. Mistari haikutosha.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepewa mashine. Ukubwa wa mkate. Bomba, barakoa ya pua, mikanda nyuma ya kichwa. Inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Asubuhi inaonyesha saa ilizotumika na mara nilizokatika kwa kila saa.

Jumanne, 25 Machi

Saa mbili tu. Nimeivua barakoa usingizini na kuitupa. Nimeikuta imebanwa kati ya kitanda na ukuta, inapuliza.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Saa tatu na nusu. Kwenye kioo nina mistari miwili ya mikanda mashavuni. Karani wa mahakama ameuliza nimepigana na nani.

Jumapili, 30 Machi

Saa tano, mikatiko sita kwa saa. Nimetuma: "Sita." Jibu: "Nimesoma."

Alhamisi, 3 Aprili

Umeme umekatika kwa mvua tangu jana jioni. Bila umeme barakoa ni kifuniko tu. Nimelala bila. Mikia miwili leo.

Jumapili, 6 Aprili

Saa sita, mikatiko minne. Nimetuma: "Nne." "Nimesoma."

Jumatano, 9 Aprili

Leo niliamka kabla ya saa ya kengele, nikakaa kitandani nikingoja uchovu uje. Haukuja. Nilitembea nyumba nzima nikitafuta wa kumwambia. Nimefua mapazia. Mahakamani mkia hakuna.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna.

Jumatatu, 14 Aprili

Umeme umekatika usiku wa tatu mfululizo. Nguvu zile za Jumatano zimeondoka kama mgeni aliyekosea mlango. Mpimaji anasema siku chache nzuri hazitengenezi vinu, vinataka usiku baada ya usiku.

Jumatano, 16 Aprili

Umeme umerudi jana asubuhi. Jana niliiweka barakoa pembeni na sikuivaa. Sitaandika kwamba nilisahau. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaitazama na kujiona nilivyo: mtu mzima anafungwa uso na mikanda katika nyumba yenye vyumba vitatu, ili akilala salama asiwepo wa kujua.

Ijumaa, 18 Aprili

Sikuivaa.

Jumapili, 20 Aprili

Sikuivaa wiki nzima. Mvua inapiga bati tangu asubuhi. Nimetuma: "Nne."

Jibu: "Nimesoma. Vizuri sana."

Mara ya kwanza kuongeza neno.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo wakili wa mlinzi alitoa hoja zake za mwisho. Mikia mitano. Nilitoka ukumbini nikamfuata karani, nikamwomba kumbukumbu za mahakama, nikaketi kwenye benchi la nje kulinganisha mstari kwa mstari kabla ya kuandika chochote. Mke wa mlinzi alikuwa ameketi upande wa pili wa benchi na chupa ya chai. Aliniangalia ninavyokagua.

"Sasa unauliza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku ile ungeuliza ingekuchukua muda gani?"

"Dakika kumi."

Akatikisa kichwa, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanywa mwenyewe. Akasema, si kwangu hasa, kwamba tangu gazeti lile mumewe akipelekewa chakula mahabusu anauliza kwanza kama na yeye, mkewe, anaiamini habari ile.

Nilirudi nyumbani nikaisoma simu yangu. "Nne." Hakuna mkia kwenye simu. Hapo nilikuwa macho kabisa.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeivaa. Saa nne na nusu.

Jumapili, 27 Aprili

Ofisini tuna namna moja ya kuomba radhi: unataja kosa lilipotoka, unataja kweli, hujitetei. Nimetumia namna hiyohiyo:

"Masahihisho. Ujumbe wangu wa Jumapili, tarehe 20 Aprili, ulisema mikatiko ni minne kwa saa. Si kweli. Wiki hiyo sikuvaa mashine hata usiku mmoja, na ni usiku mbili za mwanzo tu ndizo hazikuwa na umeme. Namba ya wiki hiyo haijulikani. Wiki hii nimevaa usiku tano kati ya saba, mikatiko mitano. Mwandishi anaomba radhi kwa msomaji."

Nimekaa na simu mkononi mpaka magharibi. Hakuna jibu. Hata "Nimesoma" hakuna. Nimekula nimesimama.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi simu imelia. Ni yeye.

"Ile namba nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nilisoma habari yako ya kesi ya Jumamosi ile. Ilikuwa na sentensi ndefu ndefu. Ukiwa umechoka huweki nukta."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utasahihisha ukurasa wa ngapi." Kisha: "Baba watoto, kwa nini hukuivaa?"

Nikamwambia ilivyo. Hakusema pole. Alisema, "Mimi hiyo hali naijua. Nilikuwa nayo, na wewe ulikuwa umelala pembeni yangu."

Nimeiandika kama alivyoisema. Nimeisoma mara kadhaa. Siwezi kuihariri.

Kabla ya kukata alisema nitafute betri ya kuendeshea mashine umeme ukikatika, fundi wa redio wa karibu na binti anazo. Jioni dereva wa basi ameniletea betri imefungwa kwenye khanga ya mke wangu.

Alhamisi, 1 Mei

Saa sita na nusu, mikatiko mitatu. Umeme ulikatika, betri ikashika. Sikujua mpaka asubuhi.

Jumapili, 4 Mei

"Tatu. Usiku saba kati ya saba." "Nimesoma. Betri usiiache kwenye sakafu yenye maji."

Alhamisi, 8 Mei

Hukumu. Hakimu alisoma kwa saa mbili na dakika ishirini. Mwandishi wa redio aliyekaa kulia kwangu alisinzia, nikamgusa kwa kiwiko. Aliniangalia vibaya. Nilijisikia ajabu kidogo.

Kurasa ishirini na tatu, hakuna mkia. Kwenye kila mstari nimeandika anayesema ni nani, hata pale palipokuwa na msemaji mmoja. Mlinzi ameachiwa huru. Hakimu amesema funguo zote siku ile zilikuwa kwa mwenye ghala, na kwamba mwenye ghala alikubali hivyo mwenyewe mbele yake.

Nje, kwenye ngazi, mvua nyembamba. Mlinzi amekonda, shati linamvaa yeye. Mkewe alinijia.

"Leo ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho, mama."

"Basi andika. Na iwe palepale ulipoandika ile."

Nilimwambia mhariri ukurasa wa kwanza au nahamia vifo mwenyewe kwa miguu yangu. Alitazama dirishani. Imewekwa ukurasa wa kwanza, chini kidogo ya katikati. Si palepale. Nimemwambia hivyo pia.

Jumanne, 13 Mei

Mvua zimepungua. Sina la kuandika. Nililala, nikaamka.

Jumatatu, 19 Mei

Kliniki. Wiki nane. Damu walichukua Alhamisi iliyopita. Mpimaji amenionyesha grafu mbili, ya Machi na ya sasa. Vinu vyangu vinatumia oksijeni vizuri kuliko mwanzo, na ule moshi umepungua. Akiba ya nguvu ya vinu, inayopimwa kwa kuvilazimisha vifanye kazi kwa nguvu zote, imepanda kidogo tu, haijafika ya mtu wa umri wangu asiye na tatizo hili.

"Itafika?"

"Kwako sijui. Ulikuwa na wiki mbovu katikati. Na miaka mingi nyuma."

"Nikiacha mashine?"

"Utarudi ulikotoka."

Haya yanaandikika. Amenipa fomu ya kufunga hatua hii, irudishwe Jumatatu ijayo. Chini kuna sehemu ileile: mtu anayelala karibu na mgonjwa. Je, kwa usiku uliopita umemsikia akiacha kupumua? Sasa mashine ina namba zake, nikamwambia, shahidi wa nini? Akasema mashine inajua ilichopangiwa kupima, mtu anajua zaidi.

Jioni nimempigia mke wangu, nimemsomea swali. Akasema hawezi kujibu kwa simu kitu ambacho hajakisikia.

"Nitakuja Jumamosi. Usiku mmoja. Fomu yako tu."

Jumamosi, 24 Mei

Amefika saa kumi jioni na mfuko mdogo, ule wa kwenda hospitali. Alitazama mapazia. "Nani amefua?" Nikasema mimi. Akagusa pindo.

Tumekula. Amenisimulia meno ya mtoto. Nimemwonyesha mashine, akaishika kama anayepima uzito wa nyama, akauliza mbona ni ndogo hivyo kwa kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Nilivaa barakoa mbele yake. Alicheka mpaka akaketi. "Unafanana na mtu anayetaka kupiga mbizi kwenye ndoo."

Fomu iko mezani upande wake, kalamu juu yake. Amesema nilale mimi kwanza, yeye atasikiliza. Ameketi kaegemea mto wa pili, mikono juu ya shuka. Nimemaliza kuandika, nazima taa.

Jumapili, 25 Mei

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Mashine inaonyesha saa saba, mikatiko miwili. Nje kimya, hakuna mvua.

Alikuwa ameteleza kutoka kwenye kuketi hadi kulala, shingo imepinda, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya kifua changu, kiganja kikiwa kimefunguka. Nilidhani atashtuka nikijisogeza. Nilivua barakoa taratibu na kuzima mashine ili nisikie.

Nilihesabu pumzi zake. Sijui alikuwa akihesabuje yeye, kwa vidole au kwa moyo. Mimi nilihesabu kwa kichwa. Nilifika mia tatu na kumi, hakuruka hata moja, nikaendelea hata hivyo.

Saa mbili binti yetu alipiga. "Baba, mama hapokei. Anarudi na basi la saa ngapi?"

"Amelala."

"Mpaka saa hizi? Mama? Mwamshe basi, atalikosa."

"Acha alikose."

Saa nne na dakika kumi bado. Nimepika chai, imepoa, nimepika nyingine. Fomu nimeichukua mezani. Sehemu yake iko tupu na kesho inatakiwa. Nimetafakari kama naruhusiwa kumjazia, nikaona hapana, hili la kuziba mapengo ya watu nimeliacha. Nimeandika ninachokijua, nikaweka saini yangu pembeni ili ijulikane anayesema ni nani:

"Shahidi alilala."